Krismasi ya Kumi na Tisa ya Mwalimu Josephine

Mwalimu Josephine aliingia nasari ya kanisa kwa miezi mitatu tu. Si mimi ninayesema, ni yeye mwenyewe, na kila akisema hivyo hucheka kile kicheko cha mtu anayejua kwamba anayechekwa ni yeye. Mwalimu aliyekuwapo alikuwa amekwenda kujifungua, na Josephine alikuwa bi arusi mgeni, ameletwa kutoka Kinakomba, hana shamba lake wala shughuli. Wazee wa kanisa wakamwambia, "Binti, tushikie hawa watoto kidogo, mwenzio akirudi utapumzika." Mwenziwe hakurudi, alipata kazi Malindi, akabaki huko huko. Basi Josephine akawashika watoto, na hadi mwaka huu ninaokusimulia alikuwa amewashika miaka kumi na tisa.

Kijiji chao kiko ukingoni mwa mto, si mbali na kijiji cha Wema. Upande wa mto ni mpunga na migomba ya Wapokomo, upande wa nyuma ni malisho, na huko ndiko walikotua Waorma na mifugo yao. Nasari ni hiyo moja. Kwa hiyo humo darasani utamkuta mjukuu wa mzee wa kanisa amekaa mkeka mmoja na mtoto ambaye jioni anakwenda madrasa, na wote humwita Josephine Mwalimu. Hata baadhi ya mama zao humwita hivyo, kwa kuwa aliwafuta kamasi na wao pia.

Sasa sikiliza habari ya Krismasi, maana hiyo ndiyo iliyomfunga. Mwaka wake wa kwanza aliona watoto wanasimamishwa mbele ya watu wakariri mistari kwa sauti ya kulia, akasema hapana, hii si furaha. Akakata mataji kwenye katoni za sabuni. Akashona mabawa ya malaika kwa chandarua kilichotoboka, na kofia za kondoo kwa sufi ya mto wa kulalia. Nyota aliikata kwenye kopo la mafuta ya kupikia, na hori la mtoto Yesu mumewe Komora alilipasua kutoka kwenye mtumbwi uliooza. Watu wakaja, wakacheka, wakalia, wakapiga vigelegele. Mwaka uliofuata walikuja hadi watu wa kijiji cha Kau. Tangu hapo kijijini Krismasi bila igizo la Mwalimu haikuwa Krismasi.

Mwaka wa tatu alipata nafasi katika shule moja ya binafsi huko Garsen, mshahara wa kueleweka. Ilikuwa Novemba. Wazee wakamjia, "Mwalimu, utatuachaje na Krismasi iko mlangoni? Ipite tu." Ikapita, na Januari nafasi ikawa na mwenyewe. Mwaka wa nane yeye na Komora walitaka kuhamia Malindi, ikawa hadithi ile ile. Mwaka wa mafuriko, kijiji kizima kilipohamia kambini kwenye mwinuko, akajiambia walau mwaka huu nimepona. Wapi! Akina mama walimfuata hemani. "Watoto wamepoteza kila kitu, Mwalimu, usiwanyime na hili." Akawakatia mabawa kwenye maturubai ya msaada. Wewe ungekataa?

Hakuna aliyemfanyia ubaya, na hilo ndilo lililokuwa likimchoma. Mtu akikutukana unajua pa kumshika. Hawa walimwita mama. Walimletea kambare, walimletea maembe ya kwanza, walimwombea kwa jina kila Jumapili. Angemgombeza nani? Usiku mwingine alijiona kama mtu aliyefungiwa chumbani na watu wanaompenda, kila mmoja akidhani ufunguo uko kwa mwingine.

Halafu mwezi wa kumi ikaja fomu. Kulikuwa na wafadhili waliotoa nafasi za kusomea cheti kwa walimu wa nasari waliofundisha miaka mingi bila karatasi. Ni masomo ya miaka miwili chuoni, kila kitu kimelipiwa, na ukimaliza unaajiriwa kama binadamu wengine. Umri usizidi arobaini na mbili. Josephine alikuwa na arobaini na mmoja na nusu. Fomu ilitaka sahihi na muhuri wa wenye shule, yaani kanisa, na ilitakiwa iwe imefika mjini Hola tarehe ishirini na tisa Desemba kabla ya saa sita mchana. Ikichelewa, basi tena maisha.

"Nenda," Komora alimwambia. "Ugali wa kuungua nitajipikia mwenyewe. Miaka miwili sitakufa."

Akampelekea fomu Mchungaji Jilo. Mchungaji ni mtu mpole, mnene kidogo, anayevaa koti hata jua likichoma, na maneno yake ni matamu mpaka unasahau ulichokuja kuomba. "Mwalimu wetu!" akasema. "Hii ni baraka. Niachie niisome vizuri." Akaitia mfuko wa ndani wa koti. Wiki ya pili akasema, "Bado naiombea." Mwanzo wa Desemba akasema, "Tumalize Krismasi kwanza, Mwalimu, tusichanganye mambo."

Na Josephine akajibu nini? "Sawa, Mchungaji." Sawa! Halafu akaenda nyumbani akazigonganisha sufuria mpaka Komora akatoka nje. Mwanamke huyu anaweza kumnyamazisha mtoto mtundu kwa jicho moja, lakini mbele ya mtu mzima anayemsifu, ulimi wake hufa ganzi.

Shule zilikuwa zimefungwa tangu mwisho wa Oktoba, lakini mazoezi ya Krismasi hayajui likizo. Safari hii Josephine alikuwa na hila yake. Alimweka mbele Charity, msaidizi wake wa miaka ishirini na mitatu, aliyefundishwa naye kushika chaki kwanza akiwa mtoto na tena akiwa mtu mzima. Alitaka Mchungaji aone kwa macho yake kwamba akiondoka yeye, nasari haitakufa. Charity aliweza kila kitu. Shida yake ni kwamba kila hatua aligeuka nyuma kuuliza, "Mwalimu, hivi ni sawa?"

Na mazoezi yenyewe, we! Yusufu hakutaka kumshika mkono Mariamu kwa sababu eti juzi alimng'ata. Mfalme wa tatu alikula zawadi yake, kwa kuwa ubani ulikuwa karanga zilizofungwa kwenye karatasi. Punda alikuwa watoto wawili chini ya gunia, na wa nyuma alikuwa mwepesi wa kusinzia. Charity alikuwa akiwarudisha mmoja mmoja mahali pake, na Josephine alikaa kitini akijilazimisha kutoinuka.

Miongoni mwa wachunga kondoo alikuwamo Kaltuma, msichana wa Kiorma wa miaka mitano, mkimya, mwenye macho ya kupima mambo. Mama yake ni Gumato, anayepeleka maziwa Garsen kila alfajiri. Gumato alikuwa amekuja mapema kuweka wazi. "Mwalimu, mtoto acheze, hakuna shida. Lakini ile nyimbo ya kuomba, asiimbe." Josephine akamwambia wachunga kondoo hawaimbi, kazi yao ni kukaa, kushtuka malaika akija, na kwenda kumwona mtoto. Gumato akaridhika. Hata Mchungaji Jilo alipotamani igizo la mwaka huu liwe na kondoo wa kweli, badala ya watoto wenye kofia za sufi peke yao, ni Gumato aliyekubali kuazima wawili, kondoo jike na mwanawe.

Siku ya Krismasi watu walijaa uwanja wa kanisa. Hori liliwekwa kivulini, chini ya mwarobaini. Malisho ya igizo yalikuwa kule kwenye uzio, mahali palipoachwa wazi, jua likipiga bila huruma. Gumato alileta kondoo wake, akampa Kaltuma kamba, akamwambia maneno mawili ya Kiorma, akaenda kusimama nyuma ya watu.

Igizo likaanza vizuri. Malaika akatokea, wachunga kondoo wakashtuka kama walivyofundishwa. Malaika akawaambia waende Bethlehemu. Wawili wakainuka wakaenda. Kaltuma hakusogea.

Josephine alikuwa nyuma ya pazia lililoungwa kwa leso za kujifunga, karibu kabisa. "Kaltuma," akanong'ona, "nenda."

"Na kondoo wa mama?" Kaltuma akauliza, si kwa kunong'ona.

Watu wa mbele wakaanza kucheka.

"Hawaendi mahali. Malaika atawashika."

Kaltuma akamtazama malaika, ambaye wakati huo alikuwa akinyonya kidole gumba. "Huyu hajui kuchunga," akasema.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Utamkabidhi mtoto wa Kiorma kondoo wa mama yake, halafu umwambie awaache porini akatazame mtoto mchanga? Katika mazoezi alikwenda bila neno kwa sababu wale walikuwa watoto wenye sufi kichwani. Hapo ndipo Josephine alipokosea, na alijua palepale kwamba kosa ni lake.

"Haya, kaa nao," akamwambia. "Usitoke hapo mpaka nikwambie."

Watu wakapiga makofi. Igizo likaendelea, na Kaltuma akabaki kwenye uzio. Wafalme walipokuwa wakipita Josephine alimwona amejivua gunia lake la uchungaji, amemfunika nalo mwanakondoo kichwani asipigwe na jua, yeye mwenyewe kichwa wazi. Josephine akasema moyoni, wimbo huu ukiisha nitamwita. Wimbo ukaisha. Akatazama tena. Mtoto alikuwa amegeuza shingo kulitazama hori, kule walikokuwa wenzake wote, kisha akawarudia kondoo. Akina mama walikuwa wanaonyeshana mtoto kwa vidole, wanapiga picha kwa simu, mmoja anafuta machozi. Ilikuwa inapendeza. Josephine akamwacha.

Mwishowe Mchungaji Jilo akasimama kusema machache, na machache yake unayajua. "Mmemwona yule mtoto?" akauliza. "Wenzake wamekwenda wote. Yeye amebaki na kondoo. Nami nikamkumbuka Mwalimu Josephine. Wangapi wamepita hapa, wamekwenda Malindi, wamekwenda Mombasa, hata salamu hawatumi? Mwalimu amebaki. Na mwakani anatimiza miaka ishirini, na tutakuwa naye papa hapa!"

Vigelegele. Josephine akalitazama koti la Mchungaji, upande wa mfuko wa ndani.

Kanisani kwao kuna desturi moja. Wakikushukuru, akina mama hukuvika leso mbele ya watu, kila mmoja yake, na kuifunga fundo kiunoni au kifuani. Kisha unaulizwa kama umepokea, na ukishasema umepokea, jambo limekwisha. Hata mchumba aliyewahi kuvikwa leso akasema hivyo, kisha akageuka, jina lake lilioza kijiji kizima. Wakaanza kuja wakicheza. Wa kwanza alikuwa mama yake Charity. Akamfunga, akakaza. Akaja wa pili, wa tatu, wa sita. Leso zikapandana, kiunoni, kifuani, mabegani. Joto likampanda, pumzi ikawa fupi. Kila mama alimnong'oneza sikioni jambo la kweli: ulimfundisha mwanangu kusema, ulimbeba wangu mgongoni siku ya mafuriko. Zilikuwa leso kumi na moja. Sasa mikono yake ilitoka kuanzia kwenye viwiko tu.

"Mwalimu," Mchungaji akauliza kwa furaha ya kweli, "umepokea?"

Alitaka kusema kuna fomu. Alilitafuta neno la kwanza, na badala yake akaona nyuso: watu wazima aliowafundisha, watoto wenye mataji ya katoni, wote wanangoja wamependeza. "Nimepokea," akasema. Sauti ilitoka safi kabisa. Aliichukia.

Watu wakatawanyika kwenda kwenye pilau. Josephine alibaki amesimama, anatafuta pumzi, na ndipo akamsikia Gumato.

"Huyu mbona bado yuko hapa?"

Gumato alikuwa kwenye uzio, amekuja kuchukua kondoo wake. Kaltuma alikuwa palepale, kamba mkononi, midomo imekauka. Wale kondoo wengine, watoto wa sufi, walikuwa zamani kwenye foleni ya sahani. Josephine akaenda mbio, yaani mbio za hatua fupi fupi ambazo leso zilimruhusu.

"Nisamehe, Gumato. Mambo yalikuwa mengi, nilisahau."

"Usiseme umesahau." Gumato hakupandisha sauti. "Mimi nilikuwa nimesimama pale nyuma, nangoja umwite. Wewe ulimwona. Mara ya kwanza ulimwona, mara ya pili ulimwona. Alikuwa anakufaa vile, basi ukamwacha."

Ilikuwa kweli yote. Josephine anampenda mtoto huyu, Mungu shahidi, na alimwacha juani kwa sababu alipendeza akiwa pale.

"Mwalimu," Kaltuma akauliza, "niende sasa?"

"Nenda, mama. Nenda. Ulichunga vizuri."

Gumato akampa maji kwenye kibuyu cha maziwa, akamshika mkono, wakaondoka na kondoo wao. Josephine aliwatazama mpaka wakavuka uzio. Kisha akageuka akamtafuta Mchungaji Jilo.

Alimkuta ameketi pembeni na sahani ya pilau magotini. "Mwalimu!" akasema. "Leo umetutoa kimasomaso. Njoo ule."

"Mchungaji, ulikuwa unaniona?"

"Kukuona vipi?"

"Nilipokuwa nakuja kwako na ile fomu. Wiki ya pili, wiki ya nne. Ulikuwa unaniona, au ulisahau?"

Mchungaji Jilo akaacha kutafuna. Akaweka sahani chini polepole. Akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imelainika kwa jasho.

Josephine akaikunjua kwa vidole, viwiko vimebanwa mbavuni. Sahihi ilikuwapo. Muhuri ulikuwapo, wa buluu, umekaa vizuri. Tarehe iliyoandikwa ilikuwa ya Oktoba, siku moja tu baada ya yeye kumpelekea.

"Niliitia sahihi siku ile ile ya pili," Mchungaji akasema. "Kila asubuhi nasema leo nitampa. Nikikuona na watoto nashindwa. Nasema, hawa nitawapa nani? Nikiwa nawe mfukoni hivi, najiona salama." Akafuta paji la uso. "Ni dhambi, najua. Lakini Mwalimu, sasa umeshasema umepokea. Wamekusikia wote."

"Nimepokea shukrani," Josephine akasema, na mwenyewe akashangaa ulimi unatembea. "Za miaka kumi na tisa. Nimezipokea zote, na Mungu awabariki. Mwaka wa ishirini hakuna aliyeniuliza."

"Watu hawataelewa hivyo."

"Hawataelewa. Ndiyo."

Alitaka kuiweka fomu kifuani lakini hakukuwa na mahali pa kupenyeza hata kidole. Alitaka kuondoka kwa hatua za mtu mwenye safari ya Hola Jumatatu alfajiri, hatua zikamgomea. Akasimama katikati ya uwanja, mbele ya foleni ya pilau, karatasi mkononi, akamwita Charity.

Charity akaja anakimbia, mikono imejaa mabawa ya malaika. "Abee, Mwalimu?"

"Weka hayo chini. Nifungue hizi leso."

Charity akaangalia huku na huku. Vicheko vya foleni vilianza kupungua. "Hapa? Mbele ya watu?"

"Ndipo zilipofungiwa. Na kuanzia Januari darasa ni lako, kwa hiyo usiniulize tena kama ni sawa."

Charity akanyoosha mikono, ikasimama hewani bila kugusa chochote, kwa sababu fundo lolote ambalo angelishika lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa anatazama. "Basi niambie hili moja tu, Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo. "Nianze na ya nani?"

Josephine alimtafuta mwanamke mmoja katika foleni, akamwona, akamtazama usoni bila kuinamisha kichwa.

"Anza na ya mama yako," akasema.